Mvua Vinywani Mwetu

Mvua ni neno dogo. Mtoto wa chekechea analijua, na hapa Mpanda hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Hata hivyo, tukitega sikio sokoni, shambani, mahakamani na hasa kanisani, tunaona kwamba watu hawasemi kitu kimoja. Mkulima wa Nsimbo akisema mvua anawaza mahindi yake. Mfyatua matofali anawaza hasara. Dereva wa bodaboda anawaza utelezi na abiria watakaogoma kupanda. Mhubiri akisema mvua, siku hizi mara nyingi anawaza fedha. Tumeona vema kulipima neno hili kama linavyotumika katika maombi, mahubiri na nyimbo zetu, kwa sababu tunaamini kwamba zipo sehemu tunalitumia ovyo, na ipo sehemu moja ambapo kulitumia ovyo kunaweza kumwaga damu.

Tuanze na kitenzi chake. Leo tunasema mvua inanyesha. Katika Kiswahili cha zamani, hasa cha pwani, mvua ilikunya; kitenzi kilikuwa kunya, ambacho kwetu kimebaki na maana ya chooni tu, wala hakitajwi madhabahuni bila vijana kuinamisha vichwa wakicheka. Lakini tukikivumilia kicheko hicho kidogo tunapata jambo. Kunywa huzaa kunywesha. Kula huzaa kulisha. Vivyo hivyo kunya huzaa kunyesha. Kunywesha ni kumfanya mwingine anywe. Basi kunyesha, kwa asili yake, ni kuifanya mvua ishuke. Ni tendo linalodai mtendaji. Tunaposema mvua inanyesha, tumemwondoa mtendaji tukaiweka mvua yenyewe mahali pake, na mazoea yametufanya tusione pengo.

Biblia ya Kiswahili haikumwondoa. Humo Mungu ndiye anyeshaye. Katika Mwanzo 2:5 mimea haijaota kwa kuwa Mungu hajainyeshea nchi mvua. Katika Kutoka 16 anawanyeshea Waisraeli mkate. Katika Mwanzo 19 anainyeshea Sodoma moto na kiberiti. Katika Mathayo 5:45 anawanyeshea wenye haki na wasio haki. Ukizisoma sehemu hizi kwa mfululizo unagundua kwamba kitenzi chenyewe hakisemi kama kinachoshuka ni chema au ni kibaya. Kinasema tu kwamba yuko aliyekishusha.

Mazungumzo yetu ya kila siku yana hekima hiyohiyo, ingawa sisi wenyewe hatuitambui. Mtu akifika nyumbani amelowa husema, "Nimenyeshewa." Hilo ni lalamiko. Lakini ni kitenzi kilekile cha Mathayo, kilekile ambacho mzee wa kanisa hukitumia anapoomba, "Utunyeshee, Bwana." Tunaomba tunyeshewe, na tukinyeshewa tunalalamika! Hatusemi haya kwa kejeli. Ndivyo mvua ilivyo: yuleyule aliyeingojea tangu Oktoba huikimbia inapomkuta njiani na mzigo wa karanga kichwani. Kiswahili kinajua hivyo, ndiyo maana tuna rasharasha na manyunyu, tuna mvua ya mawe, na tukahamisha neno hata kwenye mambo ya kutisha tukasema mvua ya risasi na mvua ya matusi. Hakuna aliyesema mvua ya risasi akimaanisha neema.

Sasa tuingie kanisani. Jambo la kwanza tunalotaka kulihoji ni majina ya majira. Biblia ambayo wengi wetu tunaishika mkononi ni ile ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Lugha yake ni Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ni Kiunguja. Kwa hiyo wafasiri walipokutana na maneno mawili ya Kiebrania, yore na malkoshi, walichukua majina ambayo watu wa pwani walikuwa nayo tayari, yaani vuli na masika. Majina hayo mawili tunayakuta katika Kumbukumbu la Torati 11:14, katika Yoeli 2:23 na kwingineko. Kwa mtu wa Tanga au wa Unguja yanaeleweka mara moja. Mvua za vuli kwake ni za Oktoba hadi Desemba, za masika ni za Machi hadi Mei, na katikati kuna jua. Ni misimu miwili, na kila mmoja una kilimo chake.

Mpanda si hivyo. Kwetu mvua huanza Novemba, pengine mwisho wa Oktoba ukiwa mwaka mzuri, zikaendelea hadi Aprili. Kisha ni kiangazi hadi zianze tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inalijua hili na inatutenga kabisa. Ikitoa utabiri wa vuli haituhusu, wala ule wa masika. Sisi wa Katavi, pamoja na wenzetu wa Rukwa, Kigoma, Tabora, Mbeya, Dodoma na mikoa mingine ya magharibi, kati na kusini, tunapewa utabiri wa mvua za msimu. Mwenyeji wa hapa akisema masika anamaanisha kipindi chote cha mvua, na wazee wengine hukiita kifuku. Vuli kwake ni neno la redioni.

Ndipo tunaposikia mahubiri ya ajabu. Mhubiri anasoma Kumbukumbu la Torati, anakuta vuli na masika, na anatufundisha kwamba Mungu hutoa nafasi mbili: ukikosa baraka ya vuli, usihuzunike, masika yaja. Ni faraja nzuri kwa mtu wa Muheza. Kwa mkulima wa Mpanda haina kitu ndani yake, maana yeye ana msimu mmoja, na ukimpita amengoja mwaka. Kibaya zaidi, wala sivyo andiko linavyosema. Nchi ya Palestina, kama Katavi, ina msimu mmoja wa mvua. Huanza karibu na Oktoba na kwisha karibu na Aprili, kisha jua tupu. Yore ni mvua za mwanzo wa msimu huo, zinazolainisha udongo uliopasuka ili watu walime na kupanda. Malkoshi ni mvua za mwisho wa msimu huohuo, zinazojaza punje. Ni ncha mbili za kamba moja.

Tukilisoma hivyo, andiko linageuka kuwa letu kuliko la watu wa pwani. Nani asiyejua hapa kwetu msimu unaodanganya? Mvua hupiga mara mbili tatu mwanzoni mwa Novemba, watu wanapanda kwa furaha, kisha mbingu zinakaa kimya wiki tatu na mbegu zinafia ardhini. Au msimu unaanza vema, mahindi yanatoa mbelewele, na mwezi Machi mvua inakata kabla punje hazijajaa, mkulima anavuna magunzi. Ahadi ya Kumbukumbu la Torati inagusa hofu hizo mbili hasa: mvua itakayoanza kwa wakati, na mvua ambayo haitaondoka kabla kazi haijaisha. Mtume Yakobo, katika 5:7, anamtaja mkulima anayevumilia akingoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na hapo wafasiri wetu wa Kiswahili waliacha vuli na masika wakasema hivyohivyo, ya kwanza na ya mwisho. Tunawashukuru kwa mstari huo. Hatuwalaumu kwa ile mingine, maana walitumia maneno waliyoyakuta. Lakini mwalimu wa shule ya Jumapili wa Mpanda hana sababu ya kuwafundisha watoto kalenda ya Tanga. Aseme mvua za kupandia na mvua za kukomazia, nao wataelewa kabla hajamaliza sentensi.

Tuongeze jambo dogo. Katika mabenchi yetu neno lenyewe huja na sauti nyingi. Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake anasema mbula. Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walitoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972, wanasema imvura. Ni neno moja lililotembea. Ibada ya kuombea mvua ni mojawapo ya ibada chache ambazo hatuhitaji mkalimani.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni mvua ya baraka. Hatuna ugomvi na maneno yenyewe. Mvua ni baraka, na babu zetu walisema hivyo kabla ya kuiona Biblia. Ugomvi wetu ni juu ya jinsi yanavyouzwa. Katika mikutano mingi ya hadhara mvua ya baraka imekuwa malipo. Toa sadaka, mbingu zifunguke. Panda mbegu ya fedha, upokee mvua yako. Tunaambiwa hata rangi ya gari litakaloshuka na mvua hiyo. Andiko linalotumika sana ni Malaki 3:10, lenye madirisha ya mbinguni, na mara chache anayelisoma hukumbuka kwamba madirisha hayohayo yalifunguliwa katika Mwanzo 7 siku za Nuhu, na hakuna aliyeshangilia chini yake.

Lakini tutazame mahali maneno ya mvua ya baraka yanapotoka. Ni Ezekieli 34:26. Tunawasihi wasomaji waisome sura nzima usiku wa leo. Inaanza na karipio kwa wachungaji wanaojilisha wenyewe, wanaokula walionona na kuvaa sufu, huku mgonjwa hatibiwi na aliyepotea hatafutwi. Inaendelea na hukumu kati ya kondoo wanene na kondoo waliokonda, kwa sababu wanene wamekula malisho mazuri wakakanyaga yaliyosalia, wamekunywa maji safi wakachafua yaliyobaki kwa miguu yao. Hapo ndipo, baada ya Mungu kuwanyang'anya wachungaji hao kondoo wake, anapoahidi mvua kwa wakati wake. Kwa hiyo mvua hii ni ya kondoo waliokonda. Inakuja baada ya mchungaji mnene kuondolewa, wala haitoki mkononi mwake. Mtu akisimama na suti ya thamani akamwomba mjane wa Makanyagio elfu kumi ili mvua ya Ezekieli imshukie, amesoma mstari akaruka sura.

Kuna mwenzetu atatujibu kwamba Biblia yenyewe inafunga mvua na utii. Ni kweli, na hatutaki kulikwepa. Kumbukumbu la Torati 11 inasema hivyo waziwazi, na Amosi 4:7 anataja mji mmoja ulionyeshewa na mwingine uliokosa. Lakini tuangalie ni nani anayeambiwa. Ni taifa zima, pamoja na wakuu wake, na kwa Amosi ni hasa wale waliowaonea maskini. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja anaambiwa akilipa kiasi fulani atapata wingu lake peke yake. Naye Bwana wetu katika Mathayo 5 amelimaliza jambo hili: mvua inawashukia wenye haki na wasio haki, na anaitumia kama sababu ya kuwapenda adui zetu. Mkulima yeyote wa Mpanda angeweza kumwambia mhubiri hivyo. Shamba lake limepakana na la mlevi, na mvua haijawahi kufuata mpaka.

Tunaye shahidi mwingine jirani kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, iko kusini mwa mji wetu. Atakayefika huko mwezi Septemba au Oktoba ataona mto Katuma umebaki madimbwi ya tope, na viboko mamia wamebanana ndani yake mgongo kwa mgongo, wakipigana na kuumizana kwa sababu ya nafasi. Ziwa Katavi na Ziwa Chada wakati huo ni majani makavu. Kisha mvua za kwanza zinafika, maji yanapanda, viboko wanatawanyika, nyasi zinaota. Hawakutoa zaka. Mungu alipomjibu Ayubu, katika 38:26, alimwuliza habari za mvua inayonyesha penye nyika pasipo mtu. Tunapenda kudhani kila wingu linatutafuta sisi. Katuma inatuambia kwamba mengine yanawatafuta viboko.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kuna msemo unaotumika katika vijiji vyetu, na tumeusikia pia katika maombi ya mkesha: kufunga mvua. "Mvua imefungwa." "Kuna mtu kafunga mvua." Mtumiaji wa msemo huu hamaanishi kwamba Mungu ameizuia. Anamaanisha jirani. Na mara nyingi jirani huyo ni mwanamke, ni mzee, ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi.

Mwaka 2005 mchumi Mmarekani Edward Miguel alichapisha utafiti wake juu ya wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na sasa ni Simiyu. Alilinganisha takwimu za mvua na za mauaji. Aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida, huku mauaji ya aina nyingine yakiwa hayapandi namna hiyo. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao. Maelezo yake ni ya kiuchumi: mvua ikiharibika chakula kinapungua, na kaya yenye njaa inamwona bibi kuwa mdomo wa ziada. Ndugu zetu wengi wa Katavi wana asili ya huko. Wala hatuhitaji kunyoosha kidole Meatu. Mauaji ya vikongwe yameutesa ukanda wote huu wa magharibi, na mkoa wetu haukusalimika.

Njaa ni njaa, na mahubiri hayaijazi. Lakini njaa haijui jina la mtu. Jina hutolewa na maneno. Anayesimama mbele ya watu waliokosa mvua akasema, "Leo tunamvunja aliyefunga mvua katika kijiji hiki," huenda anamwaza Shetani. Waliomsikiliza, baadhi yao, wanawaza nyumba ya tatu baada ya mwembe. Wakitoka mkeshani saa kumi alfajiri, wamekwisha kupewa ruhusa ambayo mhubiri hakujua kwamba ameitoa. Tunasema bila kuzunguka: msemo huu usitumike tena katika maombi yetu, hata kwa mfano, hata na mgeni aliyealikwa kutoka mbali. Akiutumia, mzee wa kanisa ainuke amsahihishe hapohapo.

Wengine hujitetea kwa Eliya. Si yeye aliyeifunga mvua miaka mitatu na miezi sita? Tumsome basi. Katika 1 Wafalme 17 Eliya anasema kwa jina la Bwana ambaye anasimama mbele zake. Mwenye kufunga mbingu ni Mungu, kama Sulemani naye anavyoambiwa katika 2 Mambo ya Nyakati 7:13. Tena mtu pekee katika habari hiyo anayemtafuta wa kumlaumu kwa ukame ni mfalme Ahabu. Anamwona Eliya na kumwita mtaabishaji wa Israeli. Huyo ndiye baba wa msemo wetu, Ahabu, mwenye jumba na farasi, anayetaka kosa liwe la mtu mwingine. Na wakati wa ukame huo Mungu anampeleka nabii wake wapi? Kwa mjane wa Sarepta, mwenye konzi moja ya unga katika pipa. Bwana Yesu aliikumbusha habari hiyo Nazareti, katika Luka 4, na walimkasirikia. Katika Maandiko, mvua ikikosekana mtu wa Mungu huenda nyumbani kwa mjane kula naye. Kwetu wapo waliokwenda huko usiku na panga.

Hata mila za zamani, ambazo tulifundishwa kuziona giza tupu, hazikuwa hivi kila mara. Katika Usukuma na Unyamwezi mtemi ndiye aliyedaiwa mvua, na ikikosa kunyesha kiti chake kilitikisika. Kwenye Ziwa Katavi upo mkwaju unaohusishwa na mzimu wa Katabi, na watu wameendelea kuacha sadaka chini yake. Hatuwapeleki washarika mkwajuni, wala hatutaki watemi warudi na ngoma zao. Tunaona tu kwamba chini ya utaratibu ule aliyeulizwa habari za mvua alikuwa mwenye nguvu kuliko wote. Kumwuliza asiye na nguvu kuliko wote ni hatua ya kurudi nyuma, na tumeipiga tukiwa na Biblia kwapani.

Tulipokuwa tukizungumza mambo haya, mmoja wetu alitukumbusha maana nyingine ambayo kamusi nyingi hazina, ila mahakama na vijiwe vinaijua. Mtu akihukumiwa kifungo, watu husema amepigwa mvua. Mvua tano ni miaka mitano. Mvua thelathini ni ile hukumu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ambayo kila kijana anaijua kwa namba. Msemo huu ni wa mitaani, lakini una kitu cha kweli. Anayeufikiri mwaka kwa siku za kalenda ana kalenda ukutani. Anayeufikiri kwa mvua amebaki na kile anachokisikia juu ya mabati: zimeanza, zimeisha, mmoja umepita. Na ni maana ngumu. Hakuna ukulima ndani yake, hakuna neema, ni kuhesabu tu. Kama kuna mtu anayengoja mvua ya mwisho ya Yakobo kwa subira asiyoichagua, ni huyu.

Kwaya zetu huenda gerezani mara kwa mara, hasa karibu na Noeli, na ni kazi njema. Hapo nao huimba mvua ya baraka, kwa sababu ndio wimbo walioufanyia mazoezi. Safari moja mfungwa mmoja wa makamo, aliyekaa mstari wa mbele, aliinua mkono baada ya ubeti wa kwanza akauliza kama mvua hiyo wanayomwombea ni nyongeza ya zile alizopewa au ni nyingine. Wenzake walicheka sana, askari naye akacheka. Kiongozi wa kwaya alisimama kidogo, akamwambia ni nyingine, akamwuliza zake zimebaki ngapi. Akasema nne. Nje kulikuwa kunanyesha, na wakaimba ubeti wa pili.